Barua ya peni moja na nusu: nani aliyelilisha shirika dogo la ndege?

Kila ripoti ya hasara za shirika la ndege la taifa inapotoka, iwe kwetu au kwa jirani, mjadala haukawii kuhamia Ulaya. Mmoja atasema wenzetu walianza na watu binafsi, serikali haikutia hata senti. Mwingine atamkatiza: acha hizo, Uingereza walikuwa na British Airways ya serikali tangu enzi za babu. Nimeukuta ubishi huu kijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, na kinachonichekesha ni kwamba wote wawili wana ukweli mkononi, ila kila mmoja anazungumzia kampuni nyingine na mwaka mwingine.

Ukitaka kulifungua fundo hili usianze na yale makubwa. Anza na kampuni iliyokuwa na ndege moja yenye nafasi ya abiria 3, iliyoanza safari kaskazini mwa Uskoti Jumatatu ya tarehe 8 Mei 1933. Iliitwa Highland Airways. Mwenye wazo, ambaye pia ndiye aliyeshika usukani, alikuwa Kapteni Edmund Fresson, rubani wa vita ya kwanza ya dunia aliyewahi kuishi China, kisha akarudi Uingereza na kujipatia riziki kwa kuwarusha watu dakika chache juu ya mji wao ili nao waseme wamepanda ndege.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema shirika la mikoani namaanisha lile linalounganisha miji na visiwa vya ndani ya nchi ileile. Uingereza ya miaka ya 1930 ilikuwa nayo mengi, mengine yakidumu msimu mmoja tu wa kiangazi. Tofauti na hayo lilikuwepo moja la kimataifa lililokuwa mtoto wa nyumbani kwa serikali, Imperial Airways, lililoundwa 1924 kwa kuunganisha kampuni 4 na kuahidiwa ruzuku ya pauni milioni 1 kwa miaka 10. Ndilo lililofika mpaka Mwanza mwaka 1931. Ruzuku ni pesa unayopewa ili usife. Ni tofauti na mkataba, ambao ni pesa unayolipwa kwa kazi uliyoifanya. Shika tofauti hiyo, maana ubishi wote wa kijiweni unazunguka hapo.

Highland Airways haikupata ruzuku. Ilipata mkataba.

Bahari mbaya ni mtaji

Kwa nini mtu aanzishe shirika la ndege Inverness, mji mdogo, wakati London kuna watu kibao? Kwa sababu London kulikuwa na treni nzuri. Hili ndilo kosa la kwanza ambalo watu hulifanya wakiwaza biashara ya ndege: hudhani ndege hufuata watu wengi. Zama zile ndege ilikwenda mwendo wa kilomita 180 hivi kwa saa, na treni ya haraka ilikimbia vizuri tu, tena inakushusha katikati ya mji. Ukijumlisha muda wa kwenda uwanjani na kurudi, ndege ya ndani ilikuwa imekuokolea dakika chache kwa nauli kubwa.

Mambo yalibadilika palipokuwa na maji. Visiwa vya Orkney viko kaskazini ya ncha ya Uskoti, na katikati kuna mlango wa bahari uitwao Pentland Firth, ambako Atlantiki inakutana na Bahari ya Kaskazini. Mkondo wa hapo ni mkali kuliko karibu wote wa Ulaya. Aliyewahi kuvuka kwenda Pemba siku ya kusi kali akajikuta amekumbatia mfuko wa plastiki atajua nazungumzia nini. Mtu wa Inverness aliyetaka kufika Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, alipanda treni inayozunguka milima mpaka Thurso, kisha meli ndogo ya mvuke iitwayo St Ola, kisha safari nyingine ya nchi kavu kutoka bandari ya Stromness. Siku nzima ilikwisha. Kwa ndege, pamoja na kutua Wick njiani, ilikuwa kama saa moja na nusu.

Kwa hiyo Fresson hakuwa anashindana na treni. Alishindana na kichefuchefu, na hapo alikuwa na uhakika wa kushinda.

Ndege yake ya kwanza iliitwa Monospar, yenye injini mbili ndogo na kibanda kama cha gari dogo: rubani na watu watatu, magoti yakikaribiana. Baadaye ikaja ambayo ndiyo hasa ndege ya zama hizo, Dragon ya kiwanda cha de Havilland. Itazame kwa karibu. Mabawa yako mawili kila upande, moja juu ya jingine, yameshikana kwa nguzo na waya. Mwili ni mbao nyembamba na kitambaa. Injini ni mbili, kila moja nguvu farasi 130, ambayo leo ni nguvu ya gari la kawaida la familia. Rubani anakaa peke yake mbele kabisa puani, hana msaidizi. Nyuma yake abiria 6, kila mmoja na dirisha lake. Na kisa cha kuzaliwa kwake ni kizuri: aliyeiagiza ni mwenye mabasi. Edward Hillman wa Romford, mashariki ya London, alikuwa na kampuni ya mabasi, akaingia kwenye ndege mwaka 1932, akataka chombo cha injini mbili kitakachofika Paris bila gharama za kutisha. Kiwanda kikamtengenezea, na Novemba mwaka huohuo kikaruka.

Watu wa mabasi ndio walioielewa biashara hii mapema. John Sword, aliyeanzisha Midland & Scottish Air Ferries upande wa magharibi ya Uskoti, naye alitoka kwenye mabasi. Ndege ya kampuni yake ndiyo iliyombeba mgonjwa kutoka kisiwa cha Islay kwenda Glasgow tarehe 14 Mei 1933, safari inayohesabiwa kuwa mwanzo wa ambulansi za ndege za Uskoti. Kampuni yenyewe haikufika mwisho wa mwaka 1934. Ambulansi zipo hadi leo.

Hesabu za Hiace

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko watu hupotea.

Chukua Hiace ya abiria. Ikitoka stendi imejaa au iko nusu, mafuta ni yaleyale, dereva ni yuleyule, tairi zinalika vilevile. Kiti kilichoondoka kitupu hakirudi tena. Huwezi kukiweka kabatini ukakiuza kesho. Ndege ni hivyo hivyo, ila mafuta ni mengi zaidi, fundi ni ghali zaidi, na viti ni 6 badala ya 14. Viwili vikikosa watu, theluthi ya mapato imekwenda. Halafu ongeza kwamba Desemba huko Orkney jua linaonekana kwa saa 6 hivi tu, na ndege ile haikuwa ya kuruka gizani kwenye malisho yasiyo na taa.

Naam, malisho. Uwanja wa Inverness, Longman, ulikuwa mali ya mji, ulisawazishwa ukawa uwanja kweli. Visiwani mambo yalikuwa mengine. Fresson alizunguka kisiwa baada ya kisiwa akitafuta shamba lililo tambarare, akaongea na mkulima, wakakubaliana. Kufikia 1934 alikuwa anatua kwenye visiwa vidogo vya Orkney kama Sanday, Stronsay, Westray na North Ronaldsay. Siku ya ndege ng'ombe wanaswagwa pembeni.

Kwenye kisiwa cha Barra, upande wa magharibi, ndege zilitua ufukweni, mchangani. Hapa msomaji wa Pwani hahitaji maelezo marefu: maji yakipwa uwanja upo, yakijaa uwanja haupo. Ratiba iliandikwa kwa kufuata bamvua na maji mafu. Mpaka leo ndege za ratiba zinatua palepale, na saa zake bado zinapangwa na mwezi.

Basi kampuni ya namna hii iliishije? Muulize mwenye basi la Dar kwenda Mbeya. Atakwambia abiria wanalipa, sawa, lakini vile vifurushi vilivyojaa chini, bahasha, spea, boksi la dawa, ndivyo vinavyomlipia mafuta kabla mtu hajapanda. Kifurushi hakichagui msimu. Hakisemi leo kuna upepo sisafiri.

Fresson alilijua hilo toka siku ya kwanza. Kwenye safari zake kulikuwa na mzigo wa gazeti la The Scotsman linalochapwa Edinburgh. Kabla ya hapo mtu wa Kirkwall alisoma habari zikiwa zimepoa. Sasa gazeti la asubuhi linamfikia siku hiyohiyo. Gazeti lilipata wasomaji, kampuni ikapata mteja wa kila siku.

Lakini mteja mkubwa alikuwa bado. Uingereza ilikuwa na barua za ndege za kwenda nje tayari, ila ukitaka barua yako ipande ndege ulilipia zaidi, kama tunavyolipia zaidi kifurushi cha haraka. Fresson alikuwa na pendekezo tofauti: barua zote za kwenda Orkney zipande ndege, kwa stempu ileile ya kawaida. Posta haikukubali kwa maneno. Ilitaka kuona kama huyu mtu na vindege vyake atafika kweli, siku baada ya siku, kwenye ukungu na upepo wa huko. Alifika. Mtindo wake ulikuwa kushuka karibu na maji na kufuata ukingo wa pwani aliokuwa anaujua kwa kichwa, jambo ambalo leo lingemfutia leseni kabla ya chakula cha mchana.

Tarehe 29 Mei 1934 mkataba ulianza. Barua ya ndani iligharimu peni moja na nusu, na kwa peni hiyo moja na nusu sasa iliruka kutoka Inverness kwenda Kirkwall. Ilikuwa huduma ya kwanza ya kudumu ya barua za ndani kwa ndege nchini Uingereza isiyo na malipo ya ziada. Mtu aliyekuwa hajawahi kuiona ndege kwa karibu aliandika barua yake kama kawaida, akabandika stempu kama kawaida, ikaruka bila yeye kujua.

Sasa turudi kijiweni. Je, serikali ilitia pesa? Posta ilikuwa idara ya serikali, na waziri wake alikaa bungeni. Haikutoa ruzuku, ililipa kwa uzito wa barua zilizofikishwa. Anayesema "serikali haikuwapa kitu" anasahau nani alikuwa mteja wao mkubwa. Anayesema "serikali iliwalea" anasahau kwamba barua zisingefika, malipo yasingekuja. Kwa maoni yangu huo ndio msaada bora zaidi ambao shirika dogo linaweza kupewa: kazi ya kila siku yenye mlipaji anayeaminika. Lakini nakiri ni rahisi kulisema hilo pale ambapo watu wanaandikiana barua nyingi.

Na tusidhani ulikuwa ujanja wa Uskoti peke yake. Nairobi, Florence Kerr Wilson alikuwa ameanzisha Wilson Airways tangu 1929, na ndege zake zilizobeba barua kupitia Mombasa, Tanga na Zanzibar hadi Dar es Salaam zilitoka kiwanda kilekile cha de Havilland. Hesabu zilikuwa zilezile, mvua tu ndiyo tofauti.

Dirisha la tiketi

Wengi hudhani kampuni hizi ndogo ziliuawa na ajali na hali ya hewa. Ajali zilikuwepo, tena mbaya. Ila kilichozibana zaidi kilikuwa kitu kisichopiga kelele: dirisha la tiketi.

Mwaka 1929 bunge liliyapa mashirika manne makubwa ya reli ruhusa ya kuendesha ndege. Mwaka 1934 yakaanzisha kampuni yao, Railway Air Services, wakishirikiana na Imperial Airways. Hilo halina ubaya, ni ushindani. Ubaya ulikuja kwa mawakala. Wakala wa safari wa Uingereza aliishi kwa kamisheni ya tiketi za treni. Reli zikamwambia: ukiuza tiketi za mashirika ya ndege tusiyoyakubali, tiketi zetu tunaziondoa dukani kwako. Mfikirie wakala wa pesa za simu mtaani kwako akiambiwa na mtandao mkubwa kwamba akiweka bango la mtandao mdogo, laini yake inafungwa. Atafanya nini? Analisha watoto. Bango linashuka.

Hivyo unaweza kuwa na ndege nzuri, rubani hodari na nauli ya kuvumilika, lakini mteja akifika dukani anaambiwa, "Hiyo hatuuzi." Hakuna sheria iliyovunjwa, hakuna ndege iliyoanguka.

Wadogo nao hawakuhurumiana. Aberdeen, mji wa mashariki mwa Uskoti, kulikuwa na Eric Gandar Dower, aliyejenga uwanja wake mwenyewe, Dyce, uliofunguliwa Julai 1934, na shirika lake mwenyewe. Mwenye uwanja akiwa ndiye mshindani wako, fikiria ada ya kutua itakuwaje. Fresson akaenda kutafuta shamba lingine, Kintore, nje kidogo ya mji. Mwanzoni mwa Juni 1936 wote wawili walifungua safari za Shetland, visiwa vya mbali zaidi kaskazini, wakipishana siku moja tu. Watu wa Shetland walikuwa wamekaa karne zote bila ndege, wakapata mashirika mawili wiki moja.

Ni upuuzi wa namna hii, ndege mbili nusu tupu zikifukuzana kwenye njia ya abiria wachache, uliokuwa umeifanya serikali iunde kamati chini ya Sir Henry Maybury tangu 1935. Ripoti yake ilitoka 1937, na mwaka 1938 ikaanza mamlaka ya leseni. Hapa dhana ni ileile ya daladala: njia ni ya nani. Kabla ya hapo yeyote mwenye ndege iliyokaguliwa alichagua njia. Baada ya hapo uliomba leseni ya njia, ukapewa au ukanyimwa. Ruzuku kwa safari za ndani nayo ikaingia wakati huo, karibu kabisa na vita. Kwa hiyo yule wa kijiweni anayesema mashirika ya ndani yalianza bila ruzuku yuko sahihi kwa miaka kadhaa, kisha anaacha kuwa sahihi.

British Airways ipi?

Hapa ndipo fundo lenyewe. Oktoba 1935 kampuni ya uwekezaji ya familia ya Pearson, Whitehall Securities, iliunganisha mashirika kadhaa madogo, likiwemo la Hillman, mtu wa mabasi, ambaye hakuishi kuliona hilo. Kampuni mpya ikaitwa British Airways. Highland Airways ikawa chini ya kivuli hichohicho, Fresson akibaki meneja. British Airways hii ilikuwa kampuni binafsi. Ndiyo yenye ndege iliyomrudisha waziri mkuu Neville Chamberlain kutoka Munich Septemba 1938, akipunga ile karatasi ya amani aliyosaini na Hitler.

Hiyo si British Airways unayoiona leo uwanjani.

Mwaka 1937 kitengo cha Uskoti kilitengwa kikawa Scottish Airways, na mmoja wa wenye hisa, shikilia kiti, alikuwa shirika la reli la LMS, lenye treni zilezile za Inverness na Thurso. Mwaka 1939 bunge likapitisha sheria ya kuunganisha British Airways ya kwanza na Imperial Airways kuwa shirika la umma, BOAC, lililoanza kazi Aprili 1940. Jina British Airways likalala. Scottish Airways haikuingia humo. Iliendelea kuruka visiwani wakati wote wa vita, karibu na Scapa Flow, kituo kikubwa cha manowari za Uingereza.

Baada ya vita serikali ya chama cha Labour ilitaifisha. Neno hili sisi tunalijua vizuri tangu 1967: mali ya kampuni inahamia kwa umma, wenye hisa wanalipwa fidia, mlango unabadilishwa kibao. Shirika jipya la safari za ndani na Ulaya, BEA, liliichukua Scottish Airways tarehe 1 Februari 1947. Mwaka 1974 BEA na BOAC vikaunganishwa, na lile jina lililolala likaamshwa: British Airways. Hiyo ndiyo ya sasa, ya umma kwa miaka 13, kisha ikauzwa kwa watu binafsi 1987. Mwaka 2019 iliadhimisha miaka 100, kwa kuhesabu kuanzia kampuni ya 1919 iliyoruka London kwenda Paris na kufilisika muda mfupi baadaye. Ni kama kuhesabu umri wako kuanzia kuzaliwa kwa babu mzaa babu, lakini ukoo ni wao, wahesabu wapendavyo.

Kwa hiyo ukisikia "British Airways ilikuwa ya serikali", uliza ya mwaka gani.

Fresson mwenyewe aliachishwa kazi na BEA mwaka 1948. Ofisi kuu ilikuwa mbali, na mtu aliyezoea kukubaliana na mkulima kwa kupeana mkono hakuwa wa kuandikiana mafaili. Alifariki 1963. Leo pale uwanja wa ndege wa Inverness kuna sanamu yake. Safari za visiwa vidogo alivyovifungua zinaendeshwa na shirika jingine la mikoani, Loganair, na ile ya kutoka Westray kwenda Papa Westray imeandikwa kwenye ratiba kuwa ya dakika 2. Moja ya zile Dragon alizonunua 1933, yenye usajili G-ACIT, imehifadhiwa na jumba la makumbusho la Science Museum, mbao na kitambaa vyote, na kile kiti kimoja puani.